TABO SI TAABU: Jinsi ya Kutunza Injini Kuukuu ya Dizeli Yenye Tabo

Mara nyingi hapa huwa tunasema habari za mbegu, mbolea na ghala. Leo tutasema habari za gari. Huenda mwingine akauliza, "Gari na kilimo wapi na wapi?" Jibu lake ni rahisi. Mahindi hungoja. Maharage hungoja. Lakini nyanya haingoji, wala kabichi, wala maziwa. Mkulima wa Ilula aliyevuna nyanya Jumatatu, gari likamfia njiani kabla ya kufika sokoni Dar es Salaam, Jumatano hana tena cha kuuza. Jasho la msimu mzima limeozea kwenye matenga.

Wakulima wengi, mmoja mmoja au kwa vikundi, wana pikapu au lori dogo walilolinunua likiwa limekwisha tumika miaka mingi. Mengi ya magari hayo yalitengenezwa Japani miaka ya 1980 na 1990, na baadhi yake yana kitu kinachoitwa tabo. Wapo wanaosema tabo ni taabu, na wapo wanaoing'oa na kuitupa. Leo tutaonyesha kwamba tabo haifi yenyewe. Tabo huuawa. Na wauaji wake wakubwa ni watatu: oili chafu, vumbi na joto. Ukiwajua hao watatu, gari lako kuukuu litakuvusha misimu mingi.

TABO NI NINI?

Injini ya dizeli hula vitu viwili: dizeli na hewa. Hewa ikiwa chache, dizeli haiungui yote. Ile isiyoungua vizuri hutoka kama moshi mweusi, nayo ni fedha yako inayopaa angani. Injini ya kawaida hujivutia hewa yenyewe, kama mtu anavyopumua. Injini yenye tabo husukumiwa hewa kwa nguvu, kama mhunzi anavyovukuta moto kwa mivukuto yake.

Tabo yenyewe ni feni mbili ndogo zilizofungwa kwenye ncha mbili za shafti moja fupi. Feni ya kwanza imekaa kwenye njia ya ekzosi. Moshi unapotoka injini kwa nguvu huizungusha feni hiyo. Feni ya pili nayo huzunguka pamoja nayo, huvuta hewa kutoka kwenye chujio na kuishindilia ndani ya injini. Hapana mkanda wala gia. Kazi yote inafanywa na moshi ambao ungetupwa bure. Fikra hii ni ya zamani: mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliiandikisha mwaka 1905. Kwenye magari madogo ya dizeli ilichelewa kufika, kwani mwaka 1978 ndipo Mercedes-Benz walipoanza kuuza gari dogo la dizeli lenye tabo, lile la 300SD.

Kwa mkulima wa nyanda za juu tabo ina faida ya pekee. Kadiri unavyopanda juu, hewa huwa nyepesi. Kwenye mita 2,000, kama ilivyo sehemu nyingi za Njombe na Makete, mgandamizo wa hewa ni kama sehemu nne tu kwa tano za ule wa pwani. Injini isiyo na tabo hukosa pumzi huko. Yenye tabo hujazia pengo hilo.

Sasa utajuaje kama gari lako lina tabo? Kwa Toyota, tazama jina la injini. 2L haina tabo; 2L-T inayo. Land Cruiser zenye 12H-T au 1HD-T zinazo. Herufi E ikiongezwa mwishoni, kama 2L-TE, jua kwamba pampu ya dizeli inaongozwa na kompyuta, na hapo fundi wa kubahatisha asiiguse. Mitsubishi Pajero na L200 zenye injini ya 4D56 nyingine zina tabo na nyingine hazina, kwa hiyo fungua boneti uangalie. Utaiona kama konokono wa chuma, amefungwa penye ekzosi.

Kumbuka mambo mawili juu ya konokono huyo. Kwanza, gari likipanda mlima na mzigo, shafti yake huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, wakati injini yenyewe inazunguka mara 3,000 hivi. Pili, feni ya upande wa ekzosi hupigwa na moshi wenye joto la nyuzi 600 hadi 700 za Sentigredi. Na katika mbio hizo zote na moto huo wote, shafti huelea juu ya utando wa oili ulio mwembamba kuliko unywele. Utando huo ndio uhai wa tabo.

MUUAJI WA KWANZA: OILI CHAFU

Kwa injini isiyo na tabo, kuchelewesha oili ni kosa. Kwa injini yenye tabo, kuchelewesha oili ni kuua. Injini ya dizeli hutoa masizi, na masizi hayo huingia kwenye oili. Masizi yakizidi, oili huwa kama uji wenye mchanga, nayo husaga shafti na beringi zake.

Kama kitabu cha gari kimepotea, shika kipimo hiki: badili oili kila kilomita 5,000. Gari linalobeba mzigo mzito kwenye njia za vumbi, badili mapema zaidi. Kama mita ya kilomita imekufa, hesabu miezi au hesabu safari za sokoni, uandike. Kila ubadilipo oili, badili na chujio lake. Kuweka oili mpya juu ya chujio la zamani ni sawa na kuoga na kuvaa nguo chafu.

Usishtuke ukiona oili mpya imekuwa nyeusi baada ya siku chache. Kwa dizeli hiyo ni kawaida; oili inafanya kazi ya kukusanya masizi. Cha kuangalia ni umri wake na kiasi chake. Pima oili asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare. Oili iwe kati ya alama mbili za kijiti. Ikipungua ni hatari, na ikizidi ni hatari pia, maana iliyozidi hurudi nyuma na kupenya kwenye tabo.

Dukani, soma maandishi ya mkebe. Herufi zinazoanza na C, kama CD, CF-4, CH-4 na CI-4, ni za oili ya dizeli. Zinazoanza na S peke yake ni za petroli. Kwa injini hizi usishuke chini ya CD, na CF-4 au iliyo juu yake ni bora. Uzito wa 15W-40 unafaa sehemu nyingi za nchi yetu. Nunua mkebe ambao muhuri wake haujafunguliwa. Oili ya kupimiwa kwenye chupa ya maji, hata ikiwa rahisi, ikwepe. Hujui imetoka injini gani.

Na oili chafu uliyoitoa, ndugu mkulima, usiimwage shambani wala karibu na kisima. Iweke kwenye debe, uipeleke gereji wanakokusanya.

MUUAJI WA PILI: VUMBI

Barabara zetu za mashambani zina vumbi jekundu lililo laini kama unga. Chembe ya vumbi ikipita, hukutana na mapanga ya feni yanayozunguka kwa kasi ile tuliyoitaja. Huyala taratibu, kisha huingia kwenye silinda na kula ringi za pistoni. Kwa hiyo chujio la hewa, lile ambalo gereji huliita eakilina, ni mlinzi wa mlango.

Msimu wa kiangazi lifungue kila wiki. Lipigepige taratibu kwa kiganja vumbi lidondoke. Ukitumia upepo wa pampu, puliza kutoka ndani kwenda nje, kwa nguvu ndogo, usilisogeze karibu sana. Chujio la karatasi usilioshe kwa petroli wala kulipaka oili. Ukilishika kuelekea jua ukaona tundu hata la sindano, litupe. Na kamwe usiendeshe gari bila chujio, hata siku moja, hata kama mtu atakwambia linapata nguvu zaidi.

Halafu fuata mpira unaotoka kwenye chujio kwenda kwenye tabo. Ukichanika hapo, vumbi linaingia bila kupita kwa mlinzi. Ingiza kidole ndani ya mpira huo injini ikiwa imezimwa. Ukikuta unga wa vumbi, ujue mwizi ameshapata njia.

MUUAJI WA TATU: JOTO

Hapa ndipo dereva mwenyewe anapohusika. Tuchukue gari linalopanda mlima wa Kitonga likirudi na mifuko ya mbolea. Tabo imekuwa ikipigwa na moto muda wote. Dereva anafika juu, anaona wauza mahindi ya kuchoma, anasimama na kuzima injini pale pale. Anadhani anabana mafuta. Lakini injini ikizimwa, pampu ya oili nayo husimama. Shafti bado inazunguka, chuma bado kina moto, na oili iliyobaki humo huungua na kuganda kama ukoko wa ugali kwenye sufuria. Akifanya hivyo kila safari, ukoko huziba kijibomba kinachopeleka oili kwenye tabo. Siku moja oili haifiki, na tabo inakufa.

Dawa yake haina gharama kubwa. Kabla ya kuzima, acha injini ingurume polepole bila kukanyaga mafuta, ile ambayo mafundi huiita sailensa. Baada ya safari ya kawaida, dakika moja inatosha. Baada ya kupanda mlima na mzigo, ngoja dakika mbili au tatu. Na asubuhi ukiwasha, usivume nayo. Ngoja taa ya oili izimike, uipe nusu dakika, na kule kwenye baridi dakika moja au mbili. Kisha ondoka taratibu.

Joto la maji nalo ni kubwa. Injini za 2L-T na ndugu zake zinajulikana kwenye magereji kwa kupasuka silinda hedi zikichemsha. Kwa hiyo safisha rejeta kwa nje, toa mbegu za nyasi na tope. Weka maji safi yenye dawa ya kuzuia kutu, wala si ya mfereji wa shamba. Angalia mkanda wa feni.

Kuna desturi ya kung'oa themostati eti gari lisichemshe. Desturi hiyo si nzuri. Kwenye injini nyingi za aina hii, themostati ikifunguka pia hufunga njia ya mkato ya maji. Ukiing'oa, njia ya mkato hubaki wazi, na maji mengine yanarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ulidhani umetibu, kumbe umeongeza ugonjwa.

Na kuna desturi nyingine mbaya zaidi: kufungua skrubu ya pampu ili dizeli iongezeke na gari lipate nguvu. Nguvu utaipata kweli, pamoja na moshi mweusi. Lakini joto la ekzosi hupanda, na wa kulipa ni pistoni, silinda hedi na tabo.

Gari likichemsha njiani, simama mahali salama. Usifungue mfuniko wa rejeta. Maji yanayochemka yatakubabua uso. Usimwage maji ya baridi juu ya injini. Ngoja nusu saa au zaidi, fungua mfuniko kwa kitambaa kinene, kidogo kidogo, kisha ongeza maji taratibu.

GARI LISILO NA NGUVU: TUSIKILIZE MAZUNGUMZO

Hebu sasa tusikilize mazungumzo ya mama mkulima na fundi. Mama ameleta pikapu ya kikundi chao.

FUNDI: Shikamoo, mama.

MKULIMA: Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?

FUNDI: Nzuri, mama. Naona leo umekuja na gari lenyewe.

MKULIMA: Nimekuja nalo likisota. Tangu juzi halina nguvu. Mlima tuliokuwa tunaupanda kwa gia ya tatu sasa ni ya kwanza, na nyuma moshi mweusi tupu. Gereji moja wameniambia tabo imekufa, nitafute fedha ya nyingine.

FUNDI: Waliifungua wakaitazama?

MKULIMA: Wapi! Walisikiliza tu, wakatikisa vichwa.

FUNDI: Basi tusiizike kabla ya kuipima. Oili inapungua?

MKULIMA: Haipungui. Dereva anaandika kila Jumapili. Daftari hili hapa.

FUNDI: Vizuri sana. Moshi je, una rangi ya buluu hata kidogo?

MKULIMA: Hapana, ni mweusi, tena likipanda tu. Na siku hizi ukikanyaga mafuta kuna sauti kama mtu anapuliza, fyuuu!

FUNDI: Hapo umenisaidia, mama. Moshi mweusi maana yake dizeli ipo, hewa haitoshi. Sauti ya kupuliza maana yake hewa inatorokea mahali. Tuzime, tungoje ipoe, ndipo tuangalie.

(Muziki kidogo.)

FUNDI: Haya, mama, sogea uone. Huu mpira unaotoka kwenye tabo kwenda kwenye injini, tazama kwa chini. Pana weusi wa oili, na vumbi limegandia.

MKULIMA: Kweli. Na hapa umechanika!

FUNDI: Urefu wa kidole. Hewa yote inayoshindiliwa inatokea hapa. Tabo yenyewe nimeizungusha kwa mkono, inazunguka vizuri wala haigusi ukuta. Haijafa, mama. Inajaza gunia lililotoboka.

MKULIMA: Kumbe! Na mimi nilikuwa naenda kuuza ng'ombe kwa ajili ya kipande cha mpira.

Mmesikia, ndugu wasikilizaji. Mama huyu aliokoa ng'ombe kwa sababu mbili: fundi aliuliza kabla ya kufungua, na yeye mwenyewe alikuwa na majibu.

MOSHI UNASEMA NINI?

Tujumlishe lugha ya moshi, maana kila mwenye gari yampasa kuijua.

Moshi mweusi na gari halina nguvu: hewa haitoshi. Anza na chujio la hewa, halafu mipira na klipu zake, halafu tabo, mwisho nozeli. Anza na kilicho rahisi.

Gari halina nguvu, lakini moshi hakuna: hapo ni dizeli isiyofika. Angalia chujio la dizeli, maji kwenye dizeli, na mahali bomba linapoingiza hewa. Fungua koki ya chini ya chujio, utoe maji yaliyotuama. Kama unatunza dizeli kwenye pipa, liache litulie, usichote ya chini kabisa. Wala usichanganye na mafuta ya taa. Pampu hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa huikausha.

Moshi wa buluu: oili inaungua. Inaweza kuwa tabo, inaweza kuwa ringi za pistoni. Kabla ya kuhukumu, angalia kama oili imezidishwa. Angalia pia mpira wa kupumulia injini, na bomba linalorudisha oili kutoka kwenye tabo. Bomba hilo likiziba au likipinda, oili hukosa njia ya kurudi na kupenya kwenye feni, hata kama tabo ni nzima.

Moshi mweupe asubuhi ambao baadaye unakwisha: mara nyingi ni plagi za kupasha moto, au pampu haijafungwa kwa wakati wake. Moshi mweupe usiokwisha, na maji ya rejeta yanapungua: shuku gasketi ya silinda hedi, au hedi yenyewe imepasuka. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, usiwashe tena. Mwite fundi.

Na sauti je? Mluzi mwembamba ni kawaida ya tabo. Mluzi ukigeuka kuwa mlio wa king'ora, au sauti ya chuma kukwaruza chuma, zima mara moja. Mapanga yanagusa ukuta.

KUIPIMA TABO KWA MKONO

Kazi hii hufanywa injini ikiwa imezimwa na imepoa. Usiingize kidole kwenye tabo injini ikiwa inanguruma. Mapanga yale hukata.

Toa mpira wa upande wa hewa. Tazama mapanga kwa tochi: yawe mazima, yasiwe na mapengo. Zungusha kwa kidole: izunguke laini, bila kukwaruza. Sasa isukume kushoto na kulia. Kucheza kidogo sana ni kawaida, kwa kuwa oili haimo; lakini isiguse ukuta. Mwisho ivute nje na kuisukuma ndani. Hapo isisikike ikicheza. Ikicheza, beringi zimekwisha.

Ukikuta utando mwembamba wa oili kwenye mpira, usiogope. Hutokana na kupumua kwa injini. Ukikuta oili imetuama kama kwenye kikombe, hilo ni jambo jingine.

KABLA YA KUNUNUA NYINGINE

Tabo ikiwa imekufa kweli, swali la kwanza si bei. Swali la kwanza ni: nani ameiua? Ukifunga mpya bila kumkamata muuaji, ataua na hiyo. Kwa hiyo, pamoja na tabo, badili oili na chujio lake. Fungua kijibomba cha kupeleka oili, ukisafishe mpaka uone mwanga upande wa pili, au ununue kingine. Safisha bomba la kurudisha. Kama mapanga yalivunjika, toa vipande vyote kwenye mipira na safisha oili yote iliyobaki humo. Penye maungio ya oili usipake gundi ya gasketi. Kipande kikikatika kitaziba tundu.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, mimina oili safi kwenye tundu la oili la tabo, uizungushe kwa mkono. Kisha fundi akate dizeli, apige stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izimike. Ndipo awashe, aache ingurume polepole dakika chache. Tabo mpya ikiwashwa kavu huweza kuharibika palepale.

Na anayetaka kuing'oa tabo kabisa ajue hivi: pampu ya injini hiyo imepimiwa hewa ya tabo. Bila tabo, lazima dizeli ipunguzwe na fundi anayejua. La sivyo moshi na joto vitammalizia injini.

HATARI YA KUJUA MAPEMA

Liko jambo moja ambalo ni nadra, lakini likitokea hakuna muda wa kuuliza. Tabo ikivunjika, oili nyingi huweza kuingia kwenye njia ya hewa. Injini ya dizeli huweza kuunguza oili hiyo kama dizeli. Basi itavuma yenyewe, kwa kasi inayozidi kupanda, moshi umejaa, na ukigeuza ufunguo haizimiki. Ndani ya muda mfupi hupasuka.

Kwa gari la gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu zote, vuta na breki ya mkono, weka gia kubwa, kisha achia klachi ghafla. Injini italemewa na kuzimika. Ikishindikana, ondoa watu wote, mkae mbali. Usizibe njia ya hewa kwa kiganja wala kwa kitambaa, vitanyonywa. Gari linaweza kupatikana jingine, mtu hapatikani mwingine.

DAFTARI LA GARI

Tunamalizia na daftari. Shamba lina kumbukumbu zake, na gari liwe na zake. Andika tarehe ya oili na chujio, kiasi cha oili kila wiki, na siku gari lilipochemsha. Andika pia mkanda wa taiming. Kwenye 2L-T hubadilishwa kila kilomita 100,000, na lile taa la dashibodi lenye maandishi T-BELT huwaka kukumbusha. 4D56 nayo ina mkanda. Ukikatika, valvu hugonga pistoni, na hapo hata tabo nzima haikusaidii kitu. Kama umenunua gari bila kujua historia ya mkanda, ubadilishe, uanze kuhesabu upya.

Gari la kikundi lina ugonjwa wake wa pekee: kila mtu anadhani mwenzake amepima oili. Chagueni mtu mmoja, mumpe kazi hiyo, naye asomee kikundi daftari kila mkutano. Na fedha ya oili itengwe siku ya kuuza mazao, kabla ya kugawana. Oili na chujio ni gharama ndogo ya kila msimu. Tabo na silinda hedi ni gharama ya msimu mzima.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Gari letu lilibadilishwa oili lini mara ya mwisho? Nani anajua bila kubahatisha?

2. Dereva wetu hufanya nini anapofika juu ya mlima na mzigo?

3. Gari likikosa nguvu, tutatofautishaje upungufu wa hewa na upungufu wa dizeli?

4. Fundi akituambia tabo imekufa, tutamwuliza maswali gani kabla ya kutoa fedha?

Basi, ndugu wakulima, hayo ndiyo tuliyowaandalia. Tabo inataka oili safi, hewa safi na dakika mbili za kupumzika. Tuwatakie mavuno mema na safari njema ya sokoni. Kwaherini.